Siti Zilizonukia Iliki

Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya Tandika tangu alfajiri. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Nguo za mwanangu Nasra nimezianua mbichi, nikazianika tena, na mpaka sasa bado ni mbichi.

Naandika jioni hii nimekaa kitandani, mwanangu kalala pembeni yangu na mdomo wazi. Ana miezi minane. Leo hajalia hata mara moja kutwa nzima. Siku nyingine ningeshukuru.

Nilisemaga kwamba ukurasa huu utakuwa wa mambo ya ushonaji na ya mtoto tu. Ya leo yamo yote mawili, ila sijui kama nitathubutu kuyaachia yaende kwa wasomaji.

Mume wangu Shabani ni fundi bodi kwenye gereji moja Mikocheni, ile mitaa ya ndani yenye magodauni. Mie nashona siti za magari hapa hapa nyumbani, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu nilipomaliza darasa la saba. Wateja wangu ni watu wa bajaji na teksi za hapa Temeke. Jana Shabani aliniambia bosi wake, Hamza, ana gari la kuuza na mnunuzi anataka fundi wa siti alikague. Gari lenyewe ni la mbio, la Kiingereza, milango miwili, limetengenezwa mama yangu hajazaliwa. Yamebaki machache duniani, na hapa nchini wanasema liliingia moja tu.

"Ukifika usiseme mie mumeo," akaniambia. "Mzee anayenunua hataki mambo ya kupangiwa na ndugu. We angalia siti, sema za zamani, basi."

Nikamuuliza kama kweli ni za zamani.

"Utaziona mwenyewe."

Nilikubali, tena kwa furaha, na nisijifanye vingine hapa. Shabani kaahidiwa kuwa msimamizi wa gereji gari likiuzika. Sie tunaishi chumba kimoja, cherehani imekaa mahali ambapo pangekaa kitanda cha mtoto. Jana usingizi ulinichukua nikichagua rangi ya pazia la chumba cha pili, chumba ambacho sina.

Asubuhi bosi akatuma bajaji. Dereva hakupiga simu kuuliza nyumba. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, akazima, akasubiri bila kupiga honi.

Ile gereji ina ukuta wa mabati mrefu na haina kibao. Gari lilikuwa ndani kabisa, limefunikwa shuka jeupe, na sehemu ya mbele ilikuwa imeinuka kidogo kama mtu amelazwa chali. Nilijikuta nasoma aya kimoyomoyo. Fundi mmoja mweupe wa vumbi la puti aliponiona na mtoto kiunoni akawaambia wenzake, "Leo siti zimeletewa daktari."

"Daktari wa makalio," mwingine akajibu, wakacheka.

Shabani alikuwa chini ya gari lingine. Nilimjua kwa miguu. Hakutoka, na mie nilipita kama simjui. Sijawahi kumpita mume wangu hivyo, na mwili mzima ulikataa.

Mnunuzi anaitwa Mzee Said, Mwarabu wa Kinondoni, wale wa zamani. Ana kofia ya kazi ya mkono na macho yanayotoka maji yenyewe. Nilimwamkia, akaitikia vizuri na kumwombea dua mtoto. Nilimpenda palepale, nadhani kwa sababu hakuniuliza nimesoma wapi.

Tukisubiri gari lifunuliwe akanieleza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo, na gari hili ndilo alilokuwa akienda nalo kwa wateja wake. Likauzwa mambo yalipokuwa magumu, yeye akiwa mtoto wa miaka saba. Baba hakuendesha tena gari lolote mpaka anakufa. Mzee kalitafuta miaka na miaka, hakuna gereji ya mji huu ambayo hajaingia kuuliza. Sasa Hamza kamwambia limepatikana.

Shuka likavutwa. Jekundu, dogo, limelala karibu na ardhi. Zuri, sikatai.

Fundi mmoja akabandika karatasi juu ya namba ya chesisi, akasugua penseli, tarakimu zikatokea moja moja. Mzee akaweka karatasi ile pembeni ya kadi ya gari ya zamani, imekunjika mpaka imekuwa kama kitambaa, akafuatisha kwa kidole huku midomo inacheza. Zikafanana. Ya injini nayo ikafanana. Akatoa na picha: mtoto mwenye kanzu amesimama kwenye mlango wa gari kama hili hili.

Hakufurahi bado.

"Vyuma mnavijua nyie," akamwambia Hamza. "Mie gari hili nalijua kwa siti. Baba akishuka kwa mteja mie nabaki humo nalala." Halafu akanigeukia. "Mwanangu, hebu niangalizie wewe."

Hamza ni mtu wa sauti ya chini. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sikumsikia kufika. "Mtoto atakusumbua, fundi. Nilete nimshike, wewe kagua kwa nafasi."

Nasra haendagi kwa watu wageni. Aliponyooshewa mikono, akaenda. Akapewa funguo za gari achezee.

Nikapiga magoti, nikafungua mlango, nikaangalia.

Hapa inabidi nieleze jambo langu. Mie ni wa kushoto. Nilichapwa madrasa, nikachapwa shule. Kula, kuandika, kumpa mtu kitu, vyote nilijifunza kwa mkono wa kulia, na mbele za watu huwezi kunijua. Kushona tu ndiko kulikonishinda. Kwa hiyo mshono wangu unalala upande ambao wa watu wengine haulali. Mjomba alikuwa akisema nashona kama mtu anayejiangalia kwenye kioo.

Mshono wa siti ile ulikuwa umelala upande wangu.

Nilipitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikaikuta na ile kona niliyoirudia mara mbili kwa sababu Nasra alikuwa ananyonya na sindano ikanichoma. Ilikuwa ndani ya arobaini yangu, natoka damu, siruhusiwi kwenda popote. Shabani alileta ngozi kwenye salfeti na picha ya siti, akasema ni kazi ya mteja anayependa vitu vya kizamani, nishone kwa mkono, nisitie cherehani hata kidogo. Nilifurahi kupata kazi nikiwa ndani. Ngozi ilikuwa inang'aa mno. Akaniambia niipake chai ya rangi ifubae, ikikauka nipake mafuta ya nazi. Nilifanya yote. Sikuuliza ya nini. Mtu akipeleka gauni kwa fundi, fundi haulizi litavaliwa harusi gani.

Nikapenyeza kidole chini ya siti kwenye upenyo. Sponji. Hii hii ninayonunua hapa Tandika.

"Je, mwanangu?" Mzee akauliza.

Niligeuka. Hamza alikuwa na Nasra begani, ananiangalia kama mtu anayesubiri chenji yake. Hakukunja uso. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya shingo ya mwanangu, unamshikilia vizuri kabisa, kama anavyoshikiliwa mtoto. Miguu ya Shabani chini ya lile gari lingine ilikuwa imetulia. Nyundo yake ilikuwa imenyamaza kitambo.

Nikasema, "Mshono ni wa mkono, mzee."

Hilo tu. Ni kweli ni wa mkono. Sikutia neno moja la uongo, na sijawahi kumdanganya mtu kiasi kile tangu nizaliwe.

Mzee akainama aingie, taratibu, goti moja kwanza. Alipokaribisha uso kwenye siti akasimama hapo hapo, nusu ndani nusu nje. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Iliki," akasema. "Hamza, unasikia? Iliki."

Akakaa, akafumba macho, na yale maji ya macho sasa yakawa machozi. "Alikuwa anaweka vifuko vyake hapa, chini ya miguu yangu. Iliki na mdalasini. Hili lenyewe, wallahi. Hili lenyewe."

Niliijua harufu ile, na mtu mwingine yeyote pale hakuijua.

Mama yangu alipokuja kuniuguza uzazi alikuwa anapika chai ya mzazi, sufuria kubwa kila siku: iliki, mdalasini, tangawizi, pilipili manga. Ninywe nipate maziwa, tumbo lirudi. Ilikuwa inanishinda, na viungo vilivyomo ni ghali, kumwaga naona dhambi. Shabani aliposema nipake ngozi chai ya rangi, nikachukua ile iliyobaki. Siku mbili nikawa naipaka, naianika, naipaka. Sikumwambia. Niliona ni mambo ya jikoni tu, atanicheka.

Hamza hakujua. Nilimuona. Kwa sekunde moja uso wake ulikosa pa kukaa, akasogea, akanusa, akamwangalia mzee, halafu akaniangalia mie muda mrefu. Kisha akacheka kwa pumzi tu, bila sauti.

"Mungu mkubwa," akasema.

Mzee mwenyewe ndiye aliyewapa kila kitu. Miaka yote ile akizunguka magereji akitaja namba, akionyesha picha, akieleza rangi, kulikuwa na mtu anasikiliza na kushika kichwani. Wakamtengenezea. Kitu kimoja tu hakuwahi kuwaambia, kwa sababu nadhani mwenyewe alikuwa amekisahau.

Hicho nimekitia mie.

Wakakubaliana kusaini kesho baada ya swala ya Ijumaa. Mzee anatoa duka la baba yake lililoko Kinondoni, anapokea gari la baba yake. Siku hizi duka lile linauza ndoo na mabeseni, na yeye anaishi chumba cha nyuma. Hamza kamwambia asiwe na wasiwasi, atamwachia alale hapo mpaka mwisho wa mwezi. Mzee akamshukuru. Akanishukuru na mie, akaniwekea mkono kichwani, akasema nimemrudishia baba yake.

Nilipokwenda kumchukua Nasra, alikuwa anazitafuna zile funguo. Hamza akamtoa begani pole pole.

"Nae wa kushoto huyu," akaniambia kwa ile sauti yake ya chini. "Kama mama yake."

Muda wote mbele yake nilitumia mkono wa kulia.

Shabani alipita nyumbani alasiri. Alikula amesimama. Nilitaka aanze yeye.

"Umefanya vizuri," akasema.

"Sijafanya kitu."

"Ndo hivyo. Hukufanya kitu."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema mwanzo alidhani wanafufua gari bovu tu. Bodi ilitoka Kigamboni kwenye banda la mtu, nusu kutu, na halikuwa gari la aina hiyo, lilifanana tu. Nusu nyingine ni bati lake yeye Shabani. Siku aliyokuja mtu kukata kipande chenye namba na kugonga nyingine, ndipo alipoelewa, na wakati huo siti zangu zilishafungwa.

"Na jana je?" nikamuuliza. "Jana uliponiambia nikaseme za zamani?"

Akaweka sahani chini.

"Mama Nasra, yule mzee anamtafuta baba yake. Sie tumempa. Hukumuona alivyofurahi?"

Nilimuona. Hilo ndilo linaloniua. Sijawahi kumuona mtu mzima akifurahi vile.

"Na mambo yakifumuka?"

Akaenda kunawa. Alinawa mikono mpaka maji ya ndoo yakaisha. Akaongea amenipa mgongo. "Mtu wa namba kashaondoka, hajulikani alipo. Bodi ni bati na rangi, nani atasema ni la nani? Mshono wako ndo una mwenyewe."

"Hayo maneno yako?"

"Kanambia nikukumbushe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyebebeshwa mzigo na kuambiwa aushushe mahali fulani, na mahali penyewe ni kwake. Alimbusu Nasra kwenye wayo, anapombusuga siku zote, akaondoka kwenda kuling'arisha gari la kesho. Nampenda Shabani. Naandika hivyo ili nikiyasoma haya siku nyingine nisije nikadhani nilikuwa nimeacha.

Kabla hajafika barabarani ukaletwa mfuko. Umetoka kwa Hamza, akasema aliyeuleta. Mchele, sukari, maziwa ya kopo, na pakiti ya nepi. Nimeiangalia ile pakiti bila kuifungua. Ni saizi yake kabisa. Hakuuliza mtu. Alimpima mikononi.

Mkono wangu walishautumia. Leo walitaka na mdomo, na niliwapa.

Nimekaa nawaza kwamba labda Shabani ana haki. Mzee ana umri gani sasa? Akaendesha kidogo, akanusa iliki yake, akafa ameridhika, nani kaumia? Halafu nawaza mwisho wa mwezi, anatoa godoro lake kwenye chumba cha nyuma ya duka. Atalala wapi? Kwenye siti? Na sponji ile naijua, haimalizi mwaka, itabonyea upande wa dereva na ngozi itaachia kwenye ile kona. Ataipeleka kwa fundi yeyote wa uchochoroni, fundi ataifungua na kumwambia, mzee, hii ya juzi tu. Hapo atampoteza baba yake mara ya pili, na safari hii atajua kwamba alimlilia kwenye chai ya mzazi.

Wakati ule alipoweka mkono kichwani kwangu ningeweza kusema. Hata nilipokwisha kumpokea mtoto, mzee alikuwa bado yupo. Nilikuwa na pumzi. Sikusema.

Duka lake nalijua lilipo, alinielekeza mwenyewe, akasema nikitaka mabeseni ya kuogeshea mtoto atanipa bure. Kesho asubuhi, Shabani akishatoka, nitakwenda, kabla ya swala, kabla ya karatasi. Sina maneno ya kumweleza mtu mkubwa vile, nitaanza kulia. Kwa hiyo nimechukua kipande cha ngozi kilichobaki kwenye kazi ile, sindano na uzi wa nta. Nitakaa kwenye kigoda chake nishone mbele ya macho yake, kwa mkono wa kushoto, hata kama kuna wateja. Ataangalia mshono unavyolala, upande ule ule wa siti aliyoikalia leo. Yule atauelewa.

Ya chai nitamwambia mwisho. Hiyo ndiyo itakayomuumiza.

Baada ya hapo sijui. Shabani anaweza kukamatwa, au mie, au Hamza akawa na watu wa kuyazima yote na sie tukabaki naye. Narudia kujiambia kwamba mzee yule ana huruma, kwamba huenda akatusamehe, kwamba Shabani ana mikono mizuri na gereji ziko nyingi. Naamini nusu. Nusu inatosha kumtoa mtu mlangoni.

Begi nimeshaliandaa. Nepi zake za vitambaa, sita. Shuka lake. Mafuta, kofia, kijiko. Nilipomaliza nikaliona jepesi, nikafungua droo, nikaongeza kadi ya kliniki ya Nasra.

Kinondoni ni kwenda na kurudi. Mtu wa kwenda na kurudi habebi kadi ya kliniki.

Nimeiacha humo humo.